Tumekifukua Kisima, Kaka

Kaka Nyemo,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa mzito wa kuitikia.

Kile kisima chetu cha Buigiri ulichotuagiza tukifukie, tumekifukua. Usinune. Ulipoanza kukojoa damu ulisema, "Ni chumvi tu hii, mdogo wangu," ukawa unapakia madumu ya maji ya mjini kwenye baiskeli na kutupita kisimani bila kugeuza shingo. Baba alipougua utumbo tulisema chumvi. Shangazi na mfuko wake wa uzazi, chumvi. Tulipoanua matanga yako tukakijaza mawe. Mimi nilibeba kubwa kuliko yote, ili nionekane, nikateguka kiuno.

Kiuno hicho ndicho kilichonipeleka hospitali. Daktari, binti wa rika la mwanangu Sechelela, akauliza nani kwetu aliugua nini. Nikamtajia wote, nikamalizia na wewe, kwamba saratani yako ilianzia kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Akaweka kalamu chini.

"Baba, hayo maji ya chumvi si mnakunywa kijiji kizima? Mbona wanaougua ni wa kwenu tu?"

Kaka, sijui nikuelezeje lililofuata. Kile kinyama walichokukata ulipofanyiwa upasuaji, walikuwa wamekihifadhi. Ndani ya nta. Wewe, mrina asali, umekaa ndani ya nta miaka yote hii, na sisi tunakupalilia kaburi. Nikauliza kama ni nta ya nyuki. Akacheka, akasema si ya nyuki, ila inatunza vizuri vilevile. Wakakipima, kisha wakapima damu yangu. Tumebeba kitu kimoja, hitilafu ndogo sana tuliyorithi kwa baba, inayorahisishia saratani njia: kwenye utumbo, kwenye mfuko wa uzazi, kwenye njia ya mkojo. Mbuzi zake tuligombania mwaka mzima. Hii alitugawia kimya kimya.

Umekufa, na bado umenitangulia kusema. Kweli wewe ni mkubwa wangu.

Sasa napimwa kila mwaka. Ile kamera ya utumbo sikusimulii inapitia wapi, utanicheka mpaka udongo utikisike. Mkojo unaangaliwa kama una damu, hata ile isiyoonekana kwa macho, na figo zinapigwa picha. Safari hii daktari alinigeuzia kioo cha mashine nione mkojo wangu ukiingia kibofuni. Kaka, unaruka. Kimwali chekundu cha moto gizani, kinazimika, kinawaka tena upande wa pili. Nikashtuka. "Rangi ni ya mashine tu, baba, si damu." Nikaendelea kutazama. Umri wote huu kazi hiyo inafanyika ndani yangu, hata nikiwa nimelala nakoroma, na sijawahi kusema ahsante. Machozi yakanitoka. Binti wa watu akadhani ameniumiza.

Mwaka huu niko salama. Ila hakunificha: vipimo hivi huweza kupitwa na kitu, kwa hiyo nikiona damu nisingoje zamu yangu, niende siku hiyo hiyo.

Jumatatu Sechelela naye alitoa damu. Huenda amepokea, huenda amenusurika. Nilikwenda kumshika mkono, ikawa yeye ndiye ananishika mimi. Majibu bado. Wanao nao wamesema watapima. Mkubwa anabisha kidogo, kwa hiyo tunajua ni wako.

Nakuahidi hili: katika ukoo huu hakuna atakayekojoa damu tena akaambiwa ni chumvi. Nitawauliza mmoja mmoja, hata wakwe, waone haya wao na mimi nione haya, lakini nitauliza.

Kwaheri, Kaka. Maji ya kisima bado yana chumvi ile ile. Nimekunywa kikombe kizima, nusu kwa niaba yako, maana lazima mmoja wetu akiombe radhi.

Mdogo wako.