Macho ya Pamba

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila stoo hii ya makumbusho haina hata dirisha, na mkuu wangu amekataa kunipa ruhusa ya kuja kukuona mpaka nimalize kutenganisha ndege wako, wale wadogo wa msituni uliowanasa kwa nyavu miaka ile. Aina mbili, baba, na zinafanana kupita kiasi! Mgongo kijani, kifua kijivu, midomo nimepima mpaka nimechoka. Nimebaki na vibandiko vyako tu: "macho mekundu", "macho ya kahawia". Wenyewe wamekaushwa, machoni wana pamba. Ulikuwa unawatofautishaje?

Mwanao, Kimbaumbau

20 Machi

Kimbaumbau wangu,

Marahaba. Mgongo umetulia, mdomo ndio haujatulia. Wakiwa hai ni rahisi: mmoja akitua hutingisha bawa moja, kama anafukuza inzi, mwenzake hutulia tuli. Huko kwenye droo hakuna wa kutingisha kitu. Wewe fuata vibandiko, maliza, uje. Nyumba imekuwa kubwa mno kwangu.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini unakula vizuri. Zimebaki droo mbili, nitie saini kwenye orodha ya majina yao, nije. Ila kuna jambo linanikosesha raha. Kabla mama hajafariki, aina hizi zilikuwa nusu kwa nusu. Baada ya hapo, karibu wote umeandika "mekundu". Msitu ulibadilika? Nijibu upesi.

Mwanao

29 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila barua hii nimeichana mara tatu. Msitu haukubadilika. Nyekundu na kahawia mimi naona kitu kimoja, tangu utotoni. Mama yako ndiye aliyekuwa akinitajia rangi, mimi naandika. Alipoondoka niliona aibu kusema, na aliyenaswa wavuni hatui nikaliona bawa lake, nikawa nakisia. Nilitaka kunyamaza ili uje. Lakini saini ni yako. Nisamehe.

Baba yako

11 Juni

Baba,

Shikamoo. Pole na mgongo. Sijakasirika. Nimelia, kisha nikacheka: kumbe ndiyo maana mama alikuwa akikuchagulia mashati!

Nimemweleza mkuu. Amerudisha droo zote mezani. Anasema ni kazi ya miaka miwili, na ruhusa hakuna. Nimeumia, baba, sikufichi.

Nimeanza na wale themanini wa wakati wa mama. Wengine wote itabidi niwalinganishe na hao, unyoya kwa unyoya. Mwandiko ni wako, lakini kila nikisoma namsikia yeye.

Tafadhali, nisubiri.

Mwanao, Kimbaumbau