Mahali Unapotaka Kujenga

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na wifi na wanangu wote. Naomba barua hii iwakute wazima, na kile kikohozi cha mdogo kiwe kimeshamwachia. Sisi huku tunapumua. Mama anakula, analala, na goti lake halimsumbui kama zamani. Mimi mikono inapasuka kwa sabuni, lakini hiyo si habari, ni kazi.

Utashangaa kuandikiwa barua wakati simu ipo. Lakini unajua Mama tangu masikio yake yazibe anasoma midomo, na amekuwa fundi wa jambo hilo hata tunaongea naye bila sauti, kuokoa pumzi. Nikishika simu anakaa mbele yangu, ananitazama mdomoni bila kupepesa. Nikitoka nje anajua ni yeye anayesemwa. Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye chumba cha kupigia pasi cha nyumba ya wageni, nimesukuma mashuka pembeni, nakuandikia kama zile enzi. Tena wewe mwenyewe ndiye uliyeniagiza. Ulisema mchoraji wako wa ramani anataka kuijua jiografia ya mji na hali ya hewa yake kabla hajashika kalamu, upepo unatoka wapi, mvua inakuja lini, maji yako umbali gani na mlango. Ukasema niandike kwa ufasaha, kama nilivyokuwa nikiandika insha shuleni. Haya, insha yako hii.

Mji wetu, kama umeusahau, ni ulimi wa mchanga. Mbele kuna bahari, nyuma kuna lile ziwa la maji ya chumvi lisilomfika mtu kiunoni, na katikati barabara moja tu. Ng'ambo ya ziwa ndiko kwenye kilima cha mawe, tulikokatazwa kwenda utotoni kwa sababu ya nyoka. Kusini ulimi unaishia kwenye rasi, na pale rasini ndipo ilipo hoteli kubwa, ile yenye bustani. Kaskazini unaishia pale ziwa linapofungua mdomo wake baharini. Nyumba aliyotuachia marehemu Baba iko katikati, upande wa mawimbi, na hadi leo ninapoandika bado imesimama.

Upepo ndio mwenye mji, sisi wengine ni wapangaji. Miezi ya baridi unavuma kutoka kusini, mzito, unanyanyua mchanga na kuupaka kwenye mashuka yangu yakiwa bado mabichi kambani, nayarudisha kwenye beseni huku nikisonya. Miezi ya joto unageuka, unakuja mlaini kutoka kaskazini, na hapo shuka linakauka kabla sijatundika la pili. Hiyo miezi mlaini ndiyo ya wageni. Wanalala juani, wanapiga picha, wanasema wangeweza kuishi hapa maisha yao yote, kisha wanaondoka na picha zao na kuniachia mchanga wao. Usikasirike nikisema kwamba na wewe, Kaka, umekuwa mgeni wa namna hiyo. Mji unaoukumbuka ni ule wa miezi ya likizo. Ile mingine umetuachia sisi.

Mvua zetu hazishuki, zinakuja kwa ubavu. Zinaingia chini ya mlango, zinaingia kwenye tundu la kitasa. Kabati la Mama liliota ukungu hadi gauni lake la heshima lina ramani ya dunia nzima mgongoni. Misumari inaoza ukutani, bati linatoboka, bawaba zinabaki mkononi ukifungua dirisha kwa haraka. Wala usidhani natia chumvi, chumvi tuliyo nayo inatutosha.

Sasa kuhusu maji. Zamani upepo wa baridi ulikuwa ukisomba mchanga wa ufuko wetu na kuupeleka kaskazini, na papo hapo mwingine ulikuja kutoka rasini kuziba pengo. Hoteli ikajenga ukuta wa mawe kuingia baharini ili ufuko wao usiondoke. Ni kweli, ufuko wao hauondoki. Wetu unaondoka kila mwaka na hakuna unaokuja badala yake. Unakumbuka ulivyokuwa ukipiga mpira kwa nguvu zako zote kutoka kizingitini na usifike majini? Kabla hatujapoteza jiko, Mama alikuwa akimwaga maji ya vyombo dirishani na yanaangukia baharini moja kwa moja. Andika hivyo kwenye ramani.

Ndiyo, jiko limekwenda, na choo kikatangulia. Nilikueleza kwenye simu, nawe ukacheka, ukasema bahari ya kwetu imekuwa ikipanda na kushuka tangu tuzaliwe, na kwamba mimi tangu utotoni ni mtu wa kulia kabla ya kupigwa. Niliyameza maneno yale. Yapo hapa kooni mpaka leo.

Nikuulize, unakumbuka ulilomwambia Mama siku unaondoka? Ulisimama mlangoni na begi lako, ukamwambia asihame hapo hata iweje, kwamba utarudi umjengee nyumba ya ghorofa palepale, yenye baraza la kutazama bahari. Kwako labda yalikuwa maneno ya kuagana, mtu anasema chochote ili mama asilie. Mama aliyapokea kama kiapo. Watu wa halmashauri walipokuja kugawa viwanja kule kilimani kwa sisi wa upande wa bahari, aliwaambia ana mwana, na mwanawe amesema asihame. Wakarudi mara nyingine wakiwa na mwenyekiti wa mtaa, akawafukuza na ufagio. Kiwanja nilikipokea mimi kwa jina langu, kwa siri, kama mtu anayeiba.

Majirani waliondoka mmoja mmoja. Mwalimu wa zamani aliondoka, mama muuza mkaa akaondoka, hata yule mkaidi wa nyumba ya kijani aliyeapa kufa na nyumba yake aliondoka, tena mbio. Tukabaki sisi. Kila mmoja aliyepita kuaga, Mama alimwonyesha mahali zitakaposimama nguzo zako. Wengine walimwonea huruma. Wengine walimcheka wakiwa bado hawajafika barabarani, na kwa kuwa hasikii, aliyewasikia ni mimi.

Halafu ikaja siku ambayo sitaisahau. Maji makuu ya bamvua yalikutana na mvua. Ziwa lilijaa kutoka nyuma, bahari ikaja kutoka mbele, na barabara ikapotea kabisa. Mimi nilikuwa kazini, upande wa pili wa barabara. Nilipita majini nimeshika kamba iliyovutwa na fundi muashi, huyu tunayemwita Fundi Kesho kwa sababu hajawahi kumaliza kazi ya mtu leo. Nilikuwa nikimwita Mama kwa sauti yote njia nzima, nikijua hasikii. Tulimkuta kitandani, katika chumba chako, amekunja miguu juu, godoro limelowa, sufuria zikielea na kugongana sakafuni. Alikuwa anatabasamu. Akasema nikuambie ukija kujenga, msingi uunyanyue kidogo.

Nilikuchukia siku ile, Kaka. Nakwambia wazi kwa kuwa hata wewe ungependa kuambiwa wazi. Nilimbeba mgongoni, mwepesi kama kapu la nguo zilizokauka, na njia nzima alikuwa akinisihi tusikae sana huko tuendako, usije ukarudi ukakuta nyumba tupu. Maji yalipopungua alirudi. Nilimsihi, nilimpigia magoti, nilimnunia, Fundi Kesho akamletea wazee wenzake wamseme. Alitujibu sote kwamba wewe ukisema ahame atahama siku hiyohiyo, lakini neno litoke kwako.

Nilikupigia nikakuomba useme neno hilo moja. Ulijibu kwamba una kazi nyingi, tutaongea wikiendi. Wikiendi ikapita, na nyingine nyingi zikapita.

Ndipo ukapiga ile simu ya mwisho. Tulikuwa tumekaa kitandani kwako, asubuhi, mimi na yeye tumeelekeana. Ulikuwa na furaha. Ukaniambia umepata mchoraji wa ramani, kwamba hapo ufukweni patafaa sana kwa vyumba vya kupangisha wageni, na mimi nitakuwa msimamizi, nisifue tena mashuka ya watu. Ukasema nimwambie Mama avumilie, asibanduke hapo hata kidogo, mwakani au mwaka unaofuata utakuja. Ukanyamaza ili nimpe ujumbe.

Hapo ndipo ninapotaka usome polepole. Ulisikia kimya, kisha ukaanza kuita haloo, haloo, ukidhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nikimwambia Mama kwa midomo mitupu, bila sauti, kwamba umesema hurudi. Kwamba umejenga hukohuko, maisha yako yako huko, na umemwomba asikungoje tena, ahamie kilimani. Nilisema hivyo nikimtazama usoni, wewe ukiwa sikioni mwangu.

Hakulia. Kama angelia ningejua la kufanya. Aliniuliza kama umesema wewe mwenyewe au wifi amekusemea. Nikamjibu kwamba umesema mwenyewe. Akalainisha shuka kwa kiganja chake, kisha akanyoosha mkono kuomba simu. Ulichosikia baada ya hapo unakijua, maana ulinisimulia kwa furaha aliponirudishia simu. Alikuambia kwamba amekuelewa mwanawe, hana kinyongo, ukae kwa amani na mkeo na watoto. Wewe ukadhani amekubali kukungoja. Ukamshukuru, ukamwita mama wa kuigwa, ukaendelea kumpamba kwa maneno mazuri ambayo hakusikia hata moja. Aliishika simu hadi ulipomaliza, kwa adabu, kisha akanirudishia.

Alihama siku ileile, kama alivyoahidi. Alifunga vitu vyake mwenyewe. Fundi Kesho alikuja na mkokoteni, na nilipomuuliza ataezeka lini kile chumba alichokuwa akinijengea kwenye kiwanja cha kilimani akasema leo, nami nikajua kwamba hata yeye ameona uso wa Mama. Huko juu hewa ni kavu. Kifua chake hakikoromi tena, kabati halina ukungu, na nyoka bado sijamwona. Kiti chake amekigeuza kielekee mawe. Siku za kwanza nilikigeuza kielekee bahari nikifikiri ni bahati mbaya, naye akakirudisha, basi nikaacha.

Na ile nyumba bado imesimama, imekaidi. Laiti ingeanguka keshoye ningekuwa na la kujitetea. Naiona kila asubuhi nikishuka kwenda kazini, mawimbi yanailamba ukuta, na ninajikuta nikiyaombea yamalize kazi yao. Ni nyumba aliyojenga Baba, na mimi nayaombea mawimbi. Umeona tulikofika.

Sikuombi msamaha, na wala usinipigie kunigombeza, maana atakuwa amekaa mbele yangu. Ukitaka kusahihisha niliyoyasema, njoo. Panda kilimani, kaa mbele yake penye mwanga, fungua mdomo taratibu, umwambie kwamba hukuyasema, kwamba bado utajenga. Atakuamini. Siku zote amekuamini wewe kuliko mimi niliyembeba. Na kesho yake atashuka kurudi kule chini akae kitandani kwako akungoje, na safari hii mimi sitakuwa na uongo mwingine wa kumtoa nao. Ukinyamaza, utabaki kuwa mwana aliyemtupa mama yake, na mimi nitabaki kuwa binti msema kweli. Najua si haki. Lakini nilipoomba neno moja kutoka kwako sikulipata, nikalitengeneza mwenyewe.

Mwambie mchoraji wako hayo mengine, ya upepo na mvua. Hayo yote ni ya kweli.

Mashuka yananisubiri, kwa hiyo niishie hapa. Msalimie sana wifi, mwambie nimepokea picha za watoto na zimefika salama. Fundi Kesho naye anakusalimu. Jana nilimwambia Mama kwamba nitakuandikia, nikamuuliza kama ana la kuongeza. Alinitazama mdomoni kwa muda mrefu, kana kwamba nimesema kitu kirefu, halafu akasema kama nafasi itabaki kwenye karatasi niwasalimie wajukuu wake. Nikangoja aendelee. Akaniambia ni hao tu.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba.