Mpaka Chini ya Kitanda

Jumamosi, 25 Mei 1957

Mke wa Ambrose! Nimejiita hivyo siku nzima nikiosha vyombo — nadhani hata birika limechoka kunisikia. Bado naona haya akiniita "mke wangu" mbele ya muuza maziwa.

Nyumba yetu tamu! Dirishani msitu mtupu. Leo farasi wa msituni kaingiza kichwa jikoni, akala utepe wa kofia yangu ya harusi. Chumba cha kulala tu ndicho kina kituko: sakafu ina kinundu chini ya kitanda, nacho kitanda kimejengewa ukutani, hakisogei. Katikati kimeinuka, tunalala kama juu ya mgongo wa nguruwe. Sijalalamika. Ambrose hunishika nisianguke.

Jumatatu, 27 Mei

Balaa. Watu wa Crowhatch wanadai nyumba yetu iko upande wao! Ni mali ya kijiji chetu, Thornsley, na hupewa maharusi wa Thornsley. Ikionekana ni ya Crowhatch, wataingiza maharusi wao — fundi magurudumu wao tayari ana mchumba. Sisi tutarudi kwa mama mkwe, chumba cha juu ya banda la kuku. Mama mkwe nampenda. Kuku siwapendi.

Ramani ziko mbili, kila moja na mstari wake. Jiwe la mpaka lilipotea zamani. Bwana Pilbeam, mwenyekiti wa kamati yetu, kasema basi waulizwe wazee. Alhamisi ni Sikukuu ya Kupaa. Enzi zile, siku hiyo watoto wa vijiji vyote viwili walizungushwa mpakani, na kwenye kila jiwe wakanyanyuliwa na kubamizwa makalio wasije wakasahau. Waliobamizwa kwenye jiwe letu wamebaki wawili: Bibi Tamsin Gurd wa kwetu, na Mzee Obadiah Legg wa Crowhatch.

Ambrose kasema popote nilipo mimi ndipo kwake. Mpenzi wangu! Lakini yeye kakulia na hao kuku.

Jumatano, 29 Mei

Mkutano wa kumbukumbu ukumbini. Kumbukumbu tele, jiwe hamna. Mmoja kasimulia nguruwe walivyoingia kanisani katikati ya mahubiri; mwenzake kasema walikuwa kondoo; sasa hawasemeshani. Mzee Obadiah kasema jiwe lilikuwa langoni kwetu, kwa hiyo nyumba nzima ni yao. Bibi Tamsin kasema lilikuwa kisimani, nyuma, kwa hiyo nzima ni yetu — tena tangu lini mtu wa Crowhatch akakumbuka kitu zaidi ya saa ya kula?

Nimelia kidogo juu ya sandwichi ya tango.

Alhamisi, 30 Mei

Watu wamejaa bustanini! Wazee wawili wamekaa langoni, kisimani, hadi juu ya maua yangu, wakisikilizia chini kwa makalio. Hakuna kitu. Bibi Tamsin akachoka, nikampeleka chumbani apumzike. Akaketi katikati ya kitanda. Akajisogeza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "niitie yule mzee mjinga."

Mzee Obadiah akaja, kofia mkononi, akaketi kando yake. Naye akajisogeza, mara mbili.

"Ndilo," akasema.

"Ndilo. Makalio yangu hayajasahau."

Ambrose akaingia mvunguni, akang'oa mbao. Jiwe! Mpaka unapita katikati ya kitanda changu cha ndoa! Kamati nzima ikaja kuchungulia, nami soksi nimezianika pale pale.

Wazee wakakubaliana tena: desturi ya zamani, nyumba ya mpakani ni ya kijiji ambako mwenye nyumba hulaza kichwa. Hapo Mzee Obadiah akatabasamu. Mchago wetu uko dirishani — upande wa Crowhatch! Bwana Pilbeam kasema kesho asubuhi watachungulia mlangoni tu, wamwone Ambrose usingizini, basi shauri limekwisha.

Akitoka, Bibi Tamsin kaninong'oneza: "Mto hauna mizizi, mwanangu."

Ijumaa, 31 Mei

Jana tulihamishia mito miguuni. Nimelala raha — kichwa Thornsley, vidole vya miguu ugenini. Nimefumbua macho. Kando yangu, juu ya mto, nyayo mbili.

Ambrose kageuka usingizini! Mazoea! Kichwa chake kiko Crowhatch, kinakoroma. Nimemvuta kidole gumba. Katamka jina langu kwa upendo, akaendelea kulala. Moyo umeyeyuka — ingawa huu si wakati wake!

Hatua langoni. Bibi Tamsin anawauliza kwa sauti kubwa mno haya maua ni ya aina gani. Ananipa nafasi, Mungu ambariki. Pazia nimefunga. Kichwa cha Ambrose nimekifunika kwa gauni langu. Nyayo nimezivika kofia yake ya kulalia, nikavuta blanketi mpaka kwenye — tuseme kidevu.

Hodi.

Ukimtazama kutoka mlangoni, mume wangu anapendeza kweli. Asichezeshe tu vidole —