Tarumbeta la Mama Vitus

Izia, Sumbawanga

Baba Vitus,

Sisi wazima, mahindi tumeshavuna. Mwenzio nimejiunga na bendi ya parokia, nimepewa tarumbeta. Do, re, mi nilizipata vizuri. Tulipofika penye la mbili, mwalimu Felisian akaniimbia kwa sauti, "La-la, mama! La-la!" Nikamjibu, "Nilale na nani, mwalimu, na mume yuko Kabwe?" Bendi nzima ilicheka, hata mpiga ngoma akaangusha fimbo.

Nasikia dagaa uliowafuata huko wanaitwa Jenifer. Haya. Siku ukirudi nitakuja stendi kukupokea kwa tarumbeta. Hata ukija naye, sawa tu. Wimbo ninaoujua mpaka sasa ni mmoja, ule wa kusindikiza maiti.

Mkeo wa kanisani,
Klementina