Mabaka ya Rangi ya Asali

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Michenzani tu wazima, ila ngazi zimenichosha, siku hizi sishuki. Mama yako anakusalimu.

Umeuliza mkoba wako wa ngozi iliyolainishwa kwa maji ya magome ya miti uutunze vipi usipate weusi. Usiupake mafuta. Upake nta ya nyuki kidogo mno, ujaribu kwanza pasipoonekana.

Nilipoolewa, babu yako, fundi viatu, alinishonea makubadhi yenye mabaka ya rangi ya asali. Nikayapaka mafuta ya nazi yasiharibike, yakawa meusi.

"Mabaka yale nliyatafuta kwenye ngozi nyingi," akasema taratibu. Nikalia.

Asubuhi akanivisha makubadhi yale mwenyewe, tukaenda sokoni Darajani. Nilificha miguu njia nzima, yeye kanishika mkono.

Nakuombea kila swala.

Bibi yako