Nyanya Moja Aliyoifunga Teodora

Buhongwa, Mwanza
14 Juni 2025

Mpendwa Dada Sabina,

Naomba unisaidie, maana nimebaki na nyanya moja na siwezi kuitia kisu. Mke wangu Teodora alifariki mwezi uliopita, naye nyuma ya nyumba alikuwa na nyanya za asili aina tatu alizopewa na mama yake, ndogo kama shanga, nyekundu zenye mikunjo, na za njano ambazo alipenda kuzila na chumvi akiwa amesimama palepale bustanini, na kila msimu tunda zuri la mbegu alilifunga uzi mweupe ili lisichumwe. Siku ya msiba shemeji yangu Dorcas alikuja kuniuliza, "Shemeji, nyanya za mchuzi zimeisha, tuchume za bustanini?" nami bila kufikiri nikasema chumeni zote, wakachuma na zile za uzi. Nilipolalamika baadaye akanijibu, "Watu mia mbili, shemeji, tungewalisha uzi?" Sasa miche imekauka, mbegu za akiba hakuna, imebaki moja ya njano yenye uzi wake, iliyojificha chini ya majani, nimeiweka dirishani nayo imeanza kulainika, na binti yangu Gladness anasema, "Baba, ikate tutoe mbegu," lakini fundo lile alilifunga Teodora kwa mkono wake, na nikiikata naona kama namaliza kitu cha mwisho alichokigusa. Nifanye nini?

Shigela

Baba Gladness,

Pole sana kwa kuondokewa na mwenzako. Sasa nisikilize. Teodora aliifunga nyanya ile ipandwe, na wewe ulimwona akifanya hivyo miaka yote. Ikioza hapo dirishani utakuwa umeipoteza mwenyewe, na safari hii hutapata Dorcas wa kumlaumu. Yeye aliuliza, wewe ukajibu. Kamwombe radhi.

Leo hiihii fungua fundo kwa vidole, uzi uuhifadhi unapotaka. Kisha kata. Ukilia, lia, lakini usiweke kisu chini. Kamulia mbegu na majimaji yake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, acha siku tatu hata kama inanuka, halafu osha. Zilizozama ndizo nzima. Zianike kwenye sahani kivulini. Usizipande zote kwa pamoja, nusu mpe Gladness azitunze. Kuhusu zile aina mbili, waulize wanawake wa jumuiya yake. Mwenye mbegu nzuri huombwa, na mkeo simdhanii kuwa alimnyima mtu.

Za njano zikizaa na mbegu zikazidi, nami unikumbuke.

Sabina