Upande wa Nne wa Bustani Yetu

Baba yangu,

Arobaini yako imepita. Watoto wengine wangewaandikia baba zao kwamba wamewakumbuka. Mimi nimekumbuka ile bustani ya nyanya kule Njinjo.

Ilikuwa mraba, kila upande mita thelathini, na mbuzi wa jirani walikuwa wanaimaliza. Ukaenda dukani kununua wavu wa waya, ukatuchukua mimi na kaka Hamisi. Mwenye duka akauliza mita ngapi. Hamisi, aliyekuwa kidato cha pili, akajibu haraka, "Tisini."

Nikasema, "Baba, mraba una pande nne zilizo sawa. Unachukua upande mmoja, unazidisha kwa nne. Thelathini mara nne, mia na ishirini. Huo ndio mzingo wake."

Ulinizaba kofi mbele ya watu. "Mtoto wa kike unamfundisha kaka yako hesabu?" Ukanunua tisini.

Tulizungushia pande tatu, wavu ukaisha. Hamisi akaangalia chini. Hukumwambia neno. Ulinigeukia mimi, ukicheka.

"Si ulijua ziko nne? Basi wa nne ni wewe. Simama hapo."

Nilidhani ni mzaha wa siku moja. Nilisimama msimu mzima, nikifukuza mbuzi kwa fimbo huku nikisikia kengele ya shule. Siku ya mtihani wa darasa la saba nilivaa sare. Ukanivua viatu mlangoni, ukaniambia nyanya zimeiva. Nilikwenda peku, na sare yangu, nikakaa kwenye ule uwazi mpaka wenzangu wakarudi wakiimba.

Ulipopooza, Hamisi alikuwa Dar na hakuja. Niliyekuleta hospitali Kilwa Masoko ni mimi. Nilikuosha, nikakugeuza. Kila asubuhi nilisema, "Shikamoo baba." Ukajibu, "Marahaba. Hamisi kafika?"

Muuguzi mmoja alikusifu kwamba una binti mwema. Ulimwambia, taratibu, kila neno likisikika, "Mimi nina mtoto mmoja tu, yuko Dar."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Niliendelea kukulisha uji mpaka kikombe kikaisha, baba, kwa sababu muuguzi alikuwa anatazama.

Watu wananipa pole, naitikia. Wakikuombea rehema, nanyamaza. Mungu akulipe kwa haki yake. Sina la kuongeza.

Lala.

Binti yako